Skripti imesema "Tayari", lakini nakala haipo: fahamu tatizo lilipo

Msimu wa pamba ukifunguliwa, ofisi za vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) Bariadi na Simiyu nzima huwa hazipumui. Chukulia karani mmoja mwenye skripti ya Python: inajumlisha kilo za siku, kisha inaamsha programu nyingine ya kuhifadhi nakala kwenye flashi.

Programu hiyo ikishaamshwa, kompyuta huiendesha kama mchakato wake yenyewe. Skripti ndiyo mzazi, mchakato mpya ni mtoto. Balaa huanza pale mzazi asipomfuatilia mtoto.

Mfano, flashi imejaa. Mtoto anashindwa kuandika, lakini mzazi haulizi, anaandika tu "Tayari". Karani anafunga ofisi anaenda zake. Siku kompyuta ikifa, kilo za wakulima hazionekani popote.

Python ina moduli ya kazi hii, subprocess, tangu toleo la 2.4 la mwaka 2004. Mambo matatu ni ya kuzingatia.

1. Kusoma jibu
subprocess.run() humsubiri mtoto amalize, kisha hurudisha jibu lenye namba ndani yake (returncode). Kwa kawaida 0 maana yake kazi imeenda sawa. Namba nyingine ni hitilafu. Ikiongezwa check=True, skripti hugoma palepale badala ya kusonga mbele kimyakimya.

2. Kuweka muda
Flashi mbovu inaweza kumfanya mtoto aning'inie, na mzazi akabaki anasubiri tu. Kwa timeout=60, sekunde 60 zikipita mtoto husitishwa na skripti hutoa taarifa ya kosa. Mstari mzima unakuwa hivi:

subprocess.run(["python3", "nakala.py"], check=True, timeout=60)

3. Kutowatelekeza watoto
Anayetaka kuendesha kazi kadhaa kwa mpigo hutumia Popen. Hii haisubiri, hivyo ni lazima baadaye kuita wait() kwa kila mtoto na kuangalia namba yake. Kwenye Linux, mtoto aliyemaliza bila mzazi kuchukua jibu lake hubaki "zombi": hafanyi kazi yoyote, ila anashikilia nafasi kwenye orodha ya michakato. Wakirundikana sana, mfumo hushindwa kuanzisha michakato mipya.

Neno "Tayari" basi liandikwe baada ya jibu la mtoto kusomwa, si kabla. Mkulima aliyepima pamba yake asubuhi hajui Python ni nini. Anachotaka ni kukuta kilo zake zipo siku ya malipo.