Je, Wajua? Kilimani Huenda Kukawa na Joto Kuliko Bondeni

Anayelala nje kilimani kwa mara ya kwanza, karibu na Kisangani, huogopa baridi ya juu. Hofu hiyo ina msingi: kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa takriban nyuzi 6, ndiyo maana waliowahi kulala ukingoni mwa kreta ya volkano ya Nyiragongo, yapata mita 3,470, walitetemeka ingawa ikweta iko karibu. Lakini Kisangani iko kwenye mita 400 hivi, na kilima cha mita 50 hakipunguzi hata nusu ya nyuzi moja. Usiku mtulivu usio na mawingu ardhi hupoa, na hewa iliyoigusa huwa baridi na nzito, ikateremka taratibu hadi bondeni. Alfajiri mkeka wa bondeni umelowa umande. Wa mteremkoni huenda ni mkavu.

Wako watakaosema upepo wa kilimani hufukuza mbu, basi chandarua cha nini? Kweli mbu hushindwa na upepo. Ila utulivu uleule unaoshusha baridi bondeni ndio unaowapa nafasi, na waenezao malaria huuma zaidi usiku wa manane. Panda na chandarua, kitundikwe kwenye fito nne, pindo zichomekwe chini ya mkeka.