Lango la Maumivu: Umeme Mdogo Unavyotuliza Mgongo Uliochoka

Msimu wa mvua unapofika, majaruba ya mpunga ya Misungwi hujaa maji na migongo ya wakulima huinama. Miche hupandikizwa kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, tangu asubuhi hadi jua la utosini. Na mkulima asiye na jaruba yumo katika shamba la pamba, ameinama vilevile, jembe mkononi. Jioni ajapojaribu kujinyoosha, kiuno hukataa. Wengi huyahesabu maumivu haya kuwa sehemu ya kilimo, kama yalivyo magugu. Baadhi hukandwa kwa maji ya moto. Wengine hununua vidonge vya kutuliza maumivu na kuvimeza mwezi hadi mwezi, pasipo kujua kwamba baadhi ya vidonge hivyo, vikitumiwa kwa muda mrefu, huweza kuchubua tumbo na kudhuru figo.

Katika miaka ya karibuni kimeonekana, hasa mijini, kifaa kidogo kienyeacho kiganjani, chenye betri, nyaya na vibandiko vinavyonata. Kazi yake ni kupitisha mapigo madogo ya umeme katika ngozi ili kuchochea neva zilizo chini yake na hivyo kutuliza maumivu. Madaktari hukiita kwa herufi nne, TENS, nacho kimetengenezwa ili mgonjwa aweze kukitumia mwenyewe nyumbani. Wapo wauzaji wanaokisifu kwamba huponya kila kitu, tangu baridi yabisi hadi kupooza. Hakiponyi. Lakini kile kidogo kinachofanya kina maelezo ya kisayansi yenye kuvutia, na mwanafunzi aliyekwisha kujifunza kanuni ya Ohm anaweza kuyafuata hatua kwa hatua.

Habari mbili za kidole kimoja

Mtu akijikwaa kidole cha mguu kwenye jiwe, hupata maumivu mara mbili. Kwanza huja mchomo mkali, wa ghafla, unaomfanya aunyanyue mguu kabla hajafikiri. Kisha, baada ya kitambo kidogo, huja maumivu ya pili, mazito, yanayopwita na kukaa. Kidole ni kimoja na jiwe ni moja. Zilizo tofauti ni njia ambazo habari hupitia.

Neva si waya mmoja. Ni fungu la nyuzi nyingi zenye unene mbalimbali, na uzi mnene uliovikwa utando wa mafuta husafirisha habari haraka zaidi kuliko uzi mwembamba. Nyuzi nene za mguso hupeleka habari kwa mwendo wa kiasi cha meta 30 hadi 70 kwa sekunde. Nyuzi nyembamba zinazochukua mchomo wa kwanza huenda kwa meta 5 hadi 30 kwa sekunde. Zile nyembamba kupita zote, zisizo na utando huo, ambazo huleta maumivu mazito, hazifikishi hata meta 2 kwa sekunde. Tuchukue umbali wa meta moja kutoka kidoleni hadi kwenye ugwe mgongo, yaani ile kamba laini ya neva ipitayo ndani ya pingili za uti wa mgongo. Habari ya mguso, ikienda meta 50 kwa sekunde, hufika kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Habari ya maumivu mazito, ikienda meta moja kwa sekunde, huchukua sekunde nzima. Mwalimu hahitaji maabara kulionyesha jambo hili. Kila mwanafunzi amekwisha kujikwaa.

Tena kila mwanafunzi amekwisha kufanya jambo la pili: kuukamata mguu na kuusugua. Kwa nini kusugua kunapunguza maumivu? Jibu lenye nguvu lilitolewa mwaka 1965 na wataalamu wawili, Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza, katika jarida la Science. Walieleza kwamba habari za maumivu haziendi moja kwa moja hadi kwenye ubongo. Katika ugwe mgongo zipo seli zinazofanya kazi mfano wa lango. Nyuzi nyembamba za maumivu zikileta habari peke yake, lango hufunguka na habari hupanda ubongoni. Lakini nyuzi nene za mguso zikileta habari nyingi kwa wakati huohuo, lango huelekea kufungwa, na sehemu kubwa ya maumivu hubaki chini. Ubongo nao huweza kutuma amri kutoka juu ya kulifunga au kulifungua. Ndiyo maana mchezaji wa kandanda hulijua jeraha lake baada ya kipenga cha mwisho. Utafiti uliofuata umerekebisha sehemu kadhaa za nadharia hiyo, lakini kiini chake kimesimama.

Hapo ndipo umeme unapoingia. Nyuzi nene zina sifa moja inayofaa sana: huchochewa na mkondo mdogo wa umeme kuliko nyuzi nyembamba. Kwa hiyo, mkondo ukipimwa vema, yawezekana kuziamsha nyuzi za mguso bila kuzigusa zile za maumivu. Ni kama kuusugua mguu bila mkono, na kuusugua mara mia kwa sekunde bila kuchoka.

Samaki, kisha betri

Kutumia umeme dhidi ya maumivu si jambo jipya, ijapokuwa waliolifanya kwanza hawakujua kwamba ni umeme. Wavuvi wa Kigongo, wilayani Misungwi, humjua domodomo, samaki mwenye mdomo mrefu uliopinda kama mkonga. Domodomo ana kiungo karibu na mkia kinachotoa mapigo ya umeme, naye huyatumia kupapasia njia gizani na kuwasiliana na wenziwe. Umeme wake ni mdogo mno, hata mvuvi anayemtoa wavuni hasikii chochote. Lakini maji ya Ziwa Victoria huteremka na kuwa Mto Nile, na chini ya maporomoko ya Murchison, nchini Uganda, yupo samaki mwingine, kambare wa umeme, ambaye pigo lake huweza kufikia volti 350. Huyu hashikwi mara mbili. Waarabu wa Misri humwita ra'ad, neno la ukoo mmoja na radi yetu, na sura yake imechongwa katika kaburi la Ti huko Saqqara zaidi ya miaka 4,000 iliyopita.

Scribonius Largus, tabibu wa Kirumi aliyeandika yapata mwaka 47 baada ya Kristo, aliagiza kwamba mwenye maumivu ya jongo asimame ufukweni penye maji, mguu wake juu ya samaki hai wa jamii ya taa atoaye umeme, hadi ganzi imfike gotini. Mwenye kuumwa kichwa aliwekewa samaki huyohuyo kichwani. Dozi ilitegemea hasira ya samaki.

Mwaka 1967, Patrick Wall na daktari wa upasuaji William Sweet walitaka kuijaribu ile nadharia ya lango. Walianza kwa kujitia sindano za umeme wao wenyewe, katika neva iliyo chini ya jicho, na baadaye wakajaribu kwa wagonjwa wanane wenye maumivu sugu. Baada ya hapo daktari wa Marekani, Norman Shealy, alikuwa akipandikiza vichocheo vya umeme ndani ya mwili, karibu na ugwe mgongo. Ili kujua ni mgonjwa yupi afaaye kupasuliwa, alimjaribu kwanza kwa umeme wa juu ya ngozi. Ikaonekana kwamba baadhi ya wagonjwa walipata nafuu ya kutosha kwa umeme huo wa juu, wala hawakuhitaji kisu. Kifaa cha nyumbani kilizaliwa kutokana na jaribio lililokusudiwa kuwa hatua ya awali tu.

Ndani ya kisanduku

Betri ya kifaa hiki ni ya volti chache, mara nyingi 9 au pungufu. Saketi iliyomo huukata mkondo wa betri kuwa mapigo na kuipandisha volti yake. Pigo moja hudumu kiasi cha mikrosekunde 50 hadi 250, na mikrosekunde moja ni sehemu moja ya milioni ya sekunde.

Tufanye hesabu. Tuseme kifaa hutoa mapigo 100 kwa sekunde, kila pigo mikrosekunde 200, na mkondo wa miliampia 20. Katika sekunde moja umeme hupita kwa mikrosekunde 20,000, yaani asilimia 2 tu ya muda wote. Zilizobaki ni kimya. Wastani wa mkondo ni miliampia 0.4. Na ikiwa ukinzani wa ngozi na vibandiko ni omu 1,000, basi volti inayohitajika kwa kila pigo ni 0.02 mara 1,000, yaani volti 20.

Sasa mwanafunzi aweke katika hesabu hiyohiyo umeme wa nyumbani, volti 230. Mkondo unakuwa miliampia 230, tena haukatiki, na mara nyingi hupita kutoka mkononi hadi miguuni kwa njia ya moyo. Miliampia 100 za umeme wa namna hiyo zatosha kuuvuruga moyo ukasimama. Kwa sababu hiyo kifaa hiki hakitengenezwi nyumbani kutokana na soketi ya ukutani, hata kwa fundi mwenye mkono mwepesi. Na kile chenye betri ya kuchajiwa hakivaliwi mwilini kikiwa bado kimeunganishwa na chaja.

Matumizi yake ni mepesi. Ngozi huoshwa kwa sabuni na kukaushwa vizuri, kwani mafuta ya kujipaka huzuia umeme kupita sawasawa. Vibandiko huwekwa pande mbili za mahali panapouma, vikiachana, kifaa kikiwa kimezimwa. Kisha mkondo hupandishwa polepole hadi mtumiaji asikie mwasho wenye nguvu, kama ule wa mguu unaotoka ganzi, lakini usiouma. Wengi hukosea hapa: huuacha mkondo chini mno, wasipate chochote, au huupandisha hadi misuli ikakaza kwa kuamini kwamba dawa chungu ndiyo iponyayo. Nusu saa hutosha kwa mara moja. Kifaa hakitumiwi usingizini, wala bafuni, wala juu ya pikipiki.

Mapigo ya polepole, 2 hadi 10 kwa sekunde, yana njia nyingine. Hayo huuchochea mwili utoe kemikali zake za kutuliza maumivu, za jamii ya zile zilizogunduliwa mwaka 1975 na John Hughes na Hans Kosterlitz huko Aberdeen, zifanyazo kazi mfano wa mofini. Mwili nao hukizoea kifaa kitumiwapo kila siku kwa namna ileile, na nafuu hupungua.

Je, kinasaidia kweli? Swali hili limewasumbua wataalamu kwa nusu karne. Shida yake ni kwamba mtu akifungiwa kifaa chochote chenye taa inayowaka hupata nafuu kwa kutumaini tu, na si rahisi kumpa mgonjwa kifaa bandia asitambue, maana umeme wa kweli husikika. Mwaka 2016, taasisi ya Uingereza inayotoa mwongozo wa tiba, NICE, ilishauri kisitolewe kwa maumivu ya kiuno. Mwaka 2022, jarida la BMJ Open lilichapisha mapitio ya majaribio 381 yaliyoonyesha kwamba maumivu hupungua wakati kifaa kinapotumika au mara baada yake, kuliko kwa kifaa bandia, na kwamba madhara makubwa hayakuonekana. Kauli hizi mbili hazigongani kama zinavyoonekana. Moja inauliza kama mgonjwa atakuwa mzima zaidi baada ya miezi. Nyingine inauliza kama jioni hii itakuwa nyepesi.

Mlinzi asinyamazishwe kabla hajasikilizwa

Huko Bukumbi, wilayani humohumo Misungwi, kumekuwako kwa miaka mingi makazi ya wazee na watu walioathirika kwa ukoma. Ugonjwa wa ukoma huua neva za ngozi, na lango la maumivu hufungwa moja kwa moja. Yamkini mtu aliyelala akiugulia kiuno angeiona hali hiyo kuwa neema. Lakini asiyesikia maumivu hushika sufuria ya moto asijue, hutembea na msumari mguuni asijue, na vidole hupotea kwa majeraha ambayo hakuna aliyemjulisha. Mahali palipokufa ganzi, kwa ukoma au kwa kisukari, kibandiko cha kifaa hiki hakiwekwi kamwe, kwani mwenyewe hawezi kusema mkondo umezidi, na ngozi huweza kuungua.

Kiuno kinachouma baada ya siku ya kupandikiza, kikapoa kwa mapumziko, ni kazi ya misuli na viungo. Kiuno kinachouma usiku pasipo kuinama, pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda, huenda ni kifua kikuu kilichoingia katika pingili za mgongo, na kila juma la kukituliza kwa umeme ni juma la kuliwa kwa mfupa. Miguu ikilegea, au mkojo ukikataa kutoka au kutoka wenyewe, hospitali ni siku hiyohiyo. Hata maumivu yasiyo na dalili hizo, yakizidi majuma machache, hupelekwa kwa mganga wa zahanati kabla ya kupelekwa dukani.

Wapo pia wasiopaswa kukitumia bila idhini ya daktari: mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani, mwenye kifafa, na mama mjamzito. Na kwa kila mtu, vibandiko havipiti mbele ya shingo, wala machoni, wala kifuani kwa kuvuka moyo, wala juu ya kidonda.

Mwenye kukinunua na alijue jambo moja kabla ya kutoa fedha. Kwa wengi nafuu hudumu wakati kifaa kinawaka, na kwa baadhi huendelea saa chache baadaye. Kisha maumivu hurudi. Vibandiko hupoteza unato wake baada ya kutumiwa mara nyingi na hununuliwa upya, nazo betri kadhalika. Kwa mkulima wa jarubani, nusu saa hiyo ya jioni huenda ikamtosha kujinyoosha, kutembea kidogo uani na kupata usingizi, na misuli iliyotembezwa na kulazwa vema hupona upesi kuliko iliyokakamaa kitandani.