Kapeti la Gari Si Kanga

"Fundi, naomba kuuliza: nikichemsha rangi ya nguo na chumvi, kapeti la gari litashika?"

Halitashika. Mwezi huu nimeulizwa hivyo mara tatu, na mara zote muulizaji ameshanunua chumvi.

Imani yenyewe naijua ilikotoka. Kwenye beseni la pamba chumvi hufanya kazi kweli. Pamba ikilowa, yenyewe na rangi husukumana kwa chaji hasi. Chumvi huondoa huo ugomvi, rangi ikasogea kwenye uzi. Basi, kazi yake imeishia hapo. Haifungi rangi, wala haina la kufanya mahali pasipo na pamba au nyuzi za jamii yake.

Na makapeti ya gari kwa kawaida ni nailoni, poliesta au polipropilini. Nailoni inataka rangi za asidi, siki na maji yanayokaribia kuchemka. Poliesta ina rangi zake, nazo kiwandani huingizwa kwa joto la sentigredi 130 ndani ya mtungi wa shinikizo. Polipropilini ndiyo kiburi kabisa: rangi yake huchanganywa kwenye plastiki iliyoyeyuka, kabla haijawa uzi. Kuitilia chumvi ni sawa na kutia chumvi ndoo.

Unabisha? Ng'oa nyuzi mbili tatu chini ya kiti cha dereva, zitie kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni, uzibinye hewa itoke. Zikielea, ni polipropilini. Nailoni na poliesta huzama.

"Mbona la jirani lilishika?" Lilikauka, halikushika. Rangi imelala juu ya nyuzi ikingoja mvua. Masika moja mteja aliniletea Noah iliyotiwa rangi hivyo; viatu vyake vilikuwa vimeshapiga chapa za bluu kutoka mlangoni kwake hadi kwenye sofa. Sugua kapeti la jirani kwa kitambaa cheupe kibichi, kisha tuzungumze.

Sasa la kufanya. Kapeti: fua, likauke kabisa, pulizia rangi maalumu ya zulia na vinyl kwa tabaka nyembamba, ukipiga brashi kabla ya kila tabaka kukauka ili nyuzi zisigandamane. Plastiki: ondoa mafuta ya kung'arishia dashibodi kwa sabuni, kisha spiriti, maana silikoni ikibaki rangi itafanya vitundu, halafu praima ya plastiki, ndipo rangi. Ngozi: rangi yake ya maji, si kiwi ya viatu, ambayo itahamia kwenye suruali. Kapeti usiote kulitia rangi nyepesi zaidi: kijivu huwa cheusi, cheusi hakirudi kuwa maziwa. Fungua milango yote, vaa barakoa. Kapeti lililooza usilipake, nunua jingine.

Kifuniko cha eabegi kiache. Mkanda wa usalama nao usiupake chochote. Haukuwekwa pale upendeze.