Tujifunze Kihispania (2): Kubaki, kugeuka, kujifanya

Juma lililopita tulitazama ser na estar, vitenzi vinavyoeleza mtu alivyo. Leo, ndugu wasomaji, tutazame anavyopata kuwa vile ambavyo hakuwa. Wanafunzi wengi wa mji wetu wa Kindu hukwama hapa kwa sababu wanapitia Kifaransa, lugha ya darasani. Kifaransa kina devenir, na mara nyingi hicho kimoja hutosha. Kihispania hakina cha namna hiyo. Kinataka kwanza ujue badiliko limekujaje. Nasema tuiache devenir, tuanze na Kiswahili cha nyumbani, maana tofauti nyingi za namna hiyo tayari tunazo kinywani.

Mke akifiwa na mume, twasema amebaki mjane. Mhispania husema se quedó viuda, na quedarse ni kubaki. Ndicho kitenzi cha hali inayoachwa na pigo au hasara: se quedó sin dinero, amebaki bila franga.

Rafiki akianza kukupinga, twasema amegeuka adui. Volverse ni kugeuka kabisa: hutumika kwa anayetazama nyuma, hutumika pia kwa anayebadilika tabia au akili. Se volvió loco, amekuwa kichaa, wala hatutegemei apone kesho. Lakini hofu na hasira huja zikaenda. Sisi husema ameingiwa na hofu, ameshikwa na hasira. Kihispania hapo huchukua ponerse: se puso nervioso, se puso furioso. Se puso triste ni huzuni ya jioni moja. Se volvió triste ni mtu ambaye moyo wake si ule wa zamani tena.

Hacerse ndicho kinachotaka uangalifu kuliko vyote. Neno kwa neno ni kujifanya, na kwetu kujifanya daktari ni udanganyifu. Se hizo médico haina lawama hata kidogo: alitaka, akasoma, akawa daktari. Udanganyifu huletwa na kineno el. Se hace el enfermo, anajifanya mgonjwa. Se hace el sordo, anajifanya hasikii. Mwanafunzi asiyesikia hiyo el atamtukana mtu bila kujua. Hacerse hubeba pia yale yanayokuja polepole yenyewe: se hizo viejo, amezeeka. Safari ikiwa ndefu na ya kupanda, husemwa llegó a ser ministro, alifikia kuwa waziri.

Convertirse en hutangulia nomino, kitu kinapopata kuwa kitu kingine. Maniema ilikuwa sehemu ya Kivu; mwaka 1988 ikawa jimbo, nao mji wetu se convirtió en capital, ukawa makao makuu. Lakini Lualaba, unaopita hapa mbele yetu, haugeuki mto mwingine baada ya maporomoko ya Boyoma karibu na Kisangani. Maji ni yaleyale, jina ndilo linalobadilika, kwa hiyo pasa a llamarse Congo, huanza kuitwa Congo. Vivyo hivyo mwaka 1971 nchi yetu pasó a llamarse Zaire, na mwaka 1997 volvió a llamarse Congo. Hiyo volver a, bila se, ni kufanya tena.

Juma lijalo tutashika envejecer, adelgazar na enriquecerse, ambavyo hubeba badiliko lote ndani ya neno moja, kama kuzeeka, kukonda na kutajirika.