Claris au 105: hela yako iende wapi?

Unataka baiskeli ya mbio, na muuzaji anakuuliza: seti ya gia iwe Shimano Claris au 105? Tuanze na uzito, maana ndio unaosifiwa zaidi. Tuseme 105 ni nyepesi kwa nusu kilo. Wewe na baiskeli yako mna kilo 80, kwa hiyo umepunguza asilimia 0.6 tu. Ukipanda mlima mkali saa nzima kwa nguvu ileile, utaokoa sekunde 22 hivi. Ndiyo hiyo tu!

Tofauti yenyewe iko kwenye gia. Claris ina gia 8 nyuma. 105 za sasa zina 11 au 12. Gia ya kupandia mlima inaweza kuwa nyepesi sawasawa kwa zote mbili, ila kwenye 105 nafasi kati ya gia moja na nyingine ni ndogo, hivyo miguu inazungusha pedali kwa kasi ileile.

Unashindana? Hapo 105 ina maana. Unaenda kazini au ndio unaanza? Chukua Claris, mnyororo wake ni wa bei nafuu. Hela inayobaki nunulia tairi nzuri: hizo ndizo zinazoshika barabara ukifunga breki.