Mathare United: Klabu iliyoanzia kwenye taka

Kabla ya kupigania vikombe, vijana wa Mathare walipigana kwanza na taka. Hiyo ndiyo historia ya Mathare United kwa ufupi. Ndiyo sababu pia klabu hii, hata inapoburura mkia ligini, bado ina mashabiki ambao hawajawahi kukanyaga Mathare.

Turudi 1987. Mtaani, watoto walikuwa wakipiga boli ya juala popote walipopata nafasi, taka kushoto, maji machafu kulia. Bob Munro, raia wa Canada aliyekuwa mshauri wa masuala ya mazingira, akakubali kuwasaidia kuanzisha ligi. Lakini hakuna cha bure: mkitaka boli na refa, safisheni mtaa wenu. Hapo kukazaliwa Mathare Youth Sports Association, ambayo kila mtu anaiita MYSA.

Kilichofuata ndicho kilichowaduwaza wengi. Kwenye ligi za MYSA, alama hazikutoka uwanjani peke yake. Timu iliyoingia mtaani na reki, koleo na mikokoteni ikazoa taka na kuzibua mitaro, ilipata alama kwenye jedwali la ligi. Yaani mngeweza kushinda mechi zenu zote na bado mkapitwa na timu iliyofungwa, kisa na maana mlikwepa usafi! Kwa mtu anayeishi Mathare, hili si jambo dogo. Mtaro ukiziba, mvua ikinyesha, maji yanaingia hadi kitandani.

Usafi huo haukupita bila kutambuliwa. Mwaka wa 1992 MYSA ilipewa tuzo ya Global 500 ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP. Mwaka uo huo wasichana nao wakaanza kusakata boli, wakati wazazi wengi waliamini kwamba mahali pa msichana baada ya shule ni jikoni na kulea wadogo zake. Baadaye kukaja elimu ya Ukimwi, karo kwa vijana waliojitolea, na hata mafunzo ya kupiga picha. Kitabu cha picha zao, Shootback, kilitoka 1999 na kuonyesha mtaa jinsi wenyewe wanavyouona.

TIMU YA WAKUBWA

Sasa, watoto hukua. Aliyeanza akiwa na miaka 12 mnamo 1987 alikuwa ametimiza 19 kufikia 1994. Angeenda wapi? Jibu likawa Mathare United, iliyoundwa mwaka huo ili vijana wa MYSA wapate ngazi ya juu ya kupanda bila kuhama nyumbani.

Haikuwa klabu ya kulipana mamilioni. Wachezaji walipata posho, lakini walitakiwa pia kurudi mtaani kufundisha wadogo, kuchezesha mechi zao, kuzungumza nao kuhusu Ukimwi na kushika koleo kama kawaida. Leo unaona staa wako kwenye gazeti, kesho unamkuta kwenye mtaro. Mtoto akiona hivyo, hahitaji hotuba ndefu.

Mwaka wa 1998, wakiwa bado ligi ya daraja la chini, vijana hao walitwaa Moi Golden Cup, kombe lililokuwa likitoa tiketi ya kuwakilisha Kenya barani Afrika. Wakubwa wa soka wakabaki kushika vichwa. Wengine walisema ni bahati ya mtende. Mwaka wa 2000 'Slum Boys' wakalibeba tena, na maneno hayo yakaisha.

Kutoka hapo, Mathare ikawa shamba la vipaji. Dennis Oliech alipitia huko kabla ya kwenda Qatar na kisha Ufaransa, alikochezea Nantes na Auxerre. Kenya ilipoilaza Burkina Faso 3-0 kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Tunisia mnamo 2004, Oliech alikuwa miongoni mwa waliofunga. Francis Kimanzi na Stanley Okumbi, ambao wote wawili wameinoa Mathare United, walipanda hadi kuwa makocha wa Harambee Stars.

MWAKA WA MACHOZI NA KOMBE

Ukitaka kujua uzito wa klabu hii, tazama 2008. Mwaka ulianza kwa ghasia za baada ya uchaguzi, na Mathare ilikuwa kati ya mitaa iliyoumia zaidi. Majirani waligeuziana panga, nyumba zikachomwa, familia zikahama usiku. Mwaka huo huo, Mathare United ikashinda Ligi Kuu ya Kenya. Hadi leo ndilo taji lao la pekee la ligi.

Kombe halikurudisha waliofariki, na tusijidanganye kwamba lilimaliza chuki. Ila kikosi cha soka hakiulizi ukoo wako unapoomba pasi. Katika mtaa uliokuwa umegawanywa kwa kabila, kulikuwa na jambo moja la kushangilia pamoja.

Baada ya hapo, mambo yakaanza kuwa magumu. SuperSport iliacha kurusha mechi za ligi mnamo 2017, na 2019 SportPesa nayo ikaondoka. Klabu zisizo na kampuni kubwa wala jeshi nyuma yake zikabaki kuhangaika na nauli, mishahara na ada za uwanja. Mathare United ilikuwa moja ya hizo. Wala haina uwanja wake. Mechi za nyumbani imezichezea Kasarani na kwingineko, mwendo wa nauli kwa shabiki wa Mathare ambaye hata unga ni shida. Mwaka wa 2023 ikashushwa daraja.

Wengi walidhani imekwisha. Lakini 2024 ikarejea Ligi Kuu baada ya msimu mmoja tu. Na angalia ilivyosadifu: Aprili mwaka huo, Mto Mathare ulivunja kingo, ukasomba nyumba na kuua watu, kisha tingatinga za serikali zikafuata kubomoa makazi yaliyo kando ya mto. Kwa mara nyingine, mtaa ulikuwa ukilia huku klabu yake ikipanda.

Je, somo ni lipi kwako kijana unayecheza timu ya mtaani isiyo na jezi wala mfadhili? Si kwamba umaskini unaleta vikombe. Umaskini unaua vipaji kila siku. Somo ni kwamba Mathare hawakungoja uwanja, mfadhili au kaunti. Walianza na walichokuwa nacho, yaani takataka, wakaigeuza alama. Ligi ikafuata, kisha klabu, kisha kombe.

Lakini pia kuna swali kwa wakubwa. Kama vijana wanaweza kuzoa taka ili wapate mechi, wanaoendesha soka na miji yetu wanashindwa vipi kuwatengea kiwanja kimoja? Viwanja vya mitaa vinaendelea kugeuka maduka, maegesho na maghorofa. Oliech wa kesho huenda sasa hivi anapiga boli barabarani, akisimama kila mara pikipiki inapopita.