Utomvu kwenye Ukurasa wa Kikapu

Doa lenyewe si kubwa. Ni upana wa kidole gumba, rangi ya chai iliyolala, na limekaa pembeni mwa ukurasa unaohusu kikapu, katika kitabu cha picha cha darasa la chekechea. Mwandishi wa makala haya alidhani ni chai kweli. Mwalimu akacheka, akamwambia anuse. Hakuna harufu. Basi akaambiwa siku akipita soko la Nkubu atazame mikono ya akina mama wanaoshusha mikungu, halafu atazame nguo za wakulima wa Imenti Kusini: huo ni utomvu wa ndizi, na utomvu wa ndizi ukishashika kitu hautoki kwa sabuni wala kwa maombi.

Lakini kilichomkera mwandishi, kikamrudisha shuleni kwa mara ya pili na ya tatu, ni neno aliloongeza mwalimu huku akitafuta ufunguo wa kabati. Ndizi mbivu haimwagi utomvu namna hiyo. Inayomwaga ni mbichi, iliyokatwa sasa hivi. Kwa hiyo aliyekishika kitabu hiki nyumbani mwishoni mwa juma kilipoazimwa alikuwa, saa ileile, na ndizi mbichi mkononi. Na mtoto aliyekiazima ana miaka mitano, panga hapewi.

Mwalimu huyu hafurahii jina lake kuandikwa gazetini. Watoto humwita ticha. Ni mzaliwa wa upande wa Runyenjes, Embu, akaolewa huku Meru, na sasa anafundisha PP2 katika darasa lenye madirisha mawili, mkeka mmoja na kabati la mbao ambalo mlango wake lazima uinuliwe kidogo ndipo ufunguke. Ndani ya kabati mna vitabu vya picha visivyozidi ishirini. Vingi havijawahi kupita dukani. Ni karatasi zilizochapishwa kwenye saiba, zikakunjwa katikati, zikabanwa pini na kuvalishwa nailoni ile ya kufunikia madaftari.

Kilichopata doa ni *Grandma's Bananas*, hadithi ya mwandishi Mkenya Ursula Nafula, picha zikiwa za Catherine Groenewald. Kimo katika African Storybook, maktaba ya mtandaoni iliyofunguliwa mwaka 2014 na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Hadithi zake zimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 200 za Afrika, na leseni yake inamruhusu yeyote kusoma, kuchapisha, kutafsiri na hata kubadilisha bila kulipa. Bure, naam. Wino wa saiba ndio usio wa bure. Ukurasa wa rangi unagharimu mara kadhaa ya ule mweusi, na mwalimu alikuwa akilipa kutoka kwenye pochi yake. Akachagua nyeusi.

Hapo ndipo ndizi zilipogeuka kijivu.

Asiyelijua eneo hili anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Ila hadithi yenyewe yote imesimama juu ya ndizi kuiva. Mjukuu kipenzi anaelezwa siri nyingi na nyanya yake, isipokuwa moja: ndizi zinaivishwa wapi. Siku moja anaona kikapu kikubwa kimeanikwa juani. Anauliza ni cha nini, anajibiwa kwamba ni kikapu cha ajabu. Kando yake kuna majani ya mgomba yanayogeuzwa-geuzwa. Nayo anaambiwa ni ya ajabu. Mtoto anabaki na kiu ya kujua, mpaka harufu tamu inapomwongoza hadi mafichoni, na mkono unatangulia akili.

Mtoto wa jijini husoma kurasa hizo kama fumbo. Kwa mtoto wa Imenti Kusini, ambako mashamba ya ndizi yanashuka kutoka Nkubu hadi Mitunguu, hakuna fumbo hapo. Mwalimu anasimulia kwamba mara ya kwanza alipofika kwenye kikapu, darasa zima lilimcheka msichana wa kitabuni. Mtu mzima kiasi hicho, na hajui ndizi zinavumbikwa! Mmoja alisimama kuwaeleza wenzake kwa mikono: unatandika majani chini, unapanga chane, unafunika, huchungulii. Mwingine akadai wanaweka parachichi lililoiva katikati. Mtoto huyo yuko sahihi kuliko anavyojua, maana tunda linaloiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo ndiyo inayoyaamsha mengine yaliyofungiwa pamoja nalo.

Kisha likaja suala la rangi. Ndizi hizi za kijivu ni mbichi au mbivu? Mwalimu alikuwa na jibu kwenye simu, rangi zote zimo, lakini simu akaiacha mkobani. Akawapa kalamu za nta. Mtoto wa kwanza akapaka njano tupu, na wenzake wakapiga kelele kwamba kama ni njano tayari, nyanya anavumbika nini? Mwingine akapaka kijani. Wa tatu, ambaye mwalimu anasema huwa haongei wiki nzima, akapaka kijani na kuacha ncha tu zikiwa njano, akasema hiyo ni ya siku ya tatu. Nakala ile bado ipo. Ncha zake ni za njano kweli, zimevuka mstari, na chini yake mwalimu ameandika tarehe kwa kalamu ya risasi.

Mwandishi anakiri kwamba alikaa na ukurasa huo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kulikuwa pia na kesi ya jina. Hadithi ni ya mjukuu na mama wa mzazi wake, na Kiswahili cha vitabu kina neno safi la mtu huyo: bibi. Ila bara huku bibi ni mke wa mtu. Mwalimu alipolitamka, sauti ikauliza kutoka nyuma: ni bibi ya nani? Akahamia nyanya. Nyanya nazo ziko kwenye sufuria, na ndizi za nyanya ni pishi lisiloeleweka. Mwishowe akasema shosho, na darasa likatulia. Sera inamruhusu. Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 shule za chini zimeambiwa zianzie lugha ya eneo, na mtaala wa umilisi ulioanza madarasani mwaka 2019 umelirudia hilo. Kwa hiyo maandishi ya kitabu ni ya lugha moja, kinywa cha mwalimu ni cha Kimeru chenye lafudhi ya Kiembu, na watoto wanamrekebisha kila anapoteleza. Zamani ilimuudhi. Siku hizi, anasema, huteleza mara nyingine kwa makusudi.

Hakufundishwa hivyo. Mwanzoni alisoma hadithi jinsi rejista inavyosomwa, mstari kwa mstari, kitabu kikimtazama yeye, mikono ya watoto imekunjwa. Akifika mwisho anauliza kama wameelewa, wanamjibu kwa wimbo mmoja kwamba wameelewa, wanakwenda kunywa uji. Sasa anakalia kigoda, kitabu ameinua karibu na sikio, picha zinawatazama watoto, na kwa muda hasemi kitu. Anahesabu moyoni hadi kumi. Anasema kabla ya kufika saba kuna mtu ameshanyoosha kidole.

Wataalamu wamelipa jambo hili majina na vipimo. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti ambao ndani yake wazazi walifunzwa, kwa mwezi mmoja tu, kuuliza zaidi na kusoma kidogo, ili mtoto awe ndiye msimulizi. Watoto hao walitangulia wenzao katika kujieleza. Mtu angeweza kusema hayo ni mambo ya nyumba zenye rafu za vitabu. Lakini mwaka 2020 yakatoka matokeo ya jaribio lililofanywa vijijini magharibi mwa Kenya, likihusisha walezi 357 na watoto 510 wa miaka miwili hadi sita. Kupewa vitabu pamoja na mafunzo mafupi kuliwaongezea watoto maneno yaliyomo katika vitabu hivyo. Na watoto wa walezi wasiojua kusoma hawakuachwa nyuma: walifaidika angalau sawa na wenzao, na katika baadhi ya vipimo zaidi yao.

Mwalimu hakuwa amesikia habari za utafiti huo. Alipoelezwa hakushangaa, alirudi kwenye doa.

Kitabu kile kilitoka Ijumaa ndani ya mkoba wa msichana anayelelewa na shosho yake. Utaratibu ni wa daftari moja: jina, kitabu, tiki kikirudi. Kuna maktaba za umma Embu, Meru mjini, hata Mikumbune hapo jirani, lakini mtoto wa miaka mitano hajipandishi matatu kwenda kuazima, na shosho ana shughuli zake. Shosho huyu, kwa maelezo ya mwalimu, hasomi. Siku ya kwanza ya mikutano ya wazazi alitia dole gumba. Awali aliurudisha mkoba ukiwa na kitabu hakijafunguliwa, akatuma ujumbe kwamba macho yake hayawezi. Mwalimu akamwambia mtoto ampelekee jibu: ticha hakuomba asomewe, aliomba aambiwe kama kikapu kile kimepangwa vizuri.

Jumatatu kitabu kilirudi na utomvu.

Msichana alikuwa na habari za kutoa, na alizitoa akiwa amesimama mbele, bila kuitwa. Kikapu cha kitabuni hakifai. Kimeachwa wazi, panya ataingia. Majani yanafaa yakiwa makavu nusu. Shosho alimwonyesha kwa ndizi zenyewe, akaziweka kando ya picha, hii hapa na ile pale. Halafu, jambo ambalo mwalimu analieleza polepole zaidi, shosho alifungua ukurasa unaofuata mwenyewe kuona kulitokea nini.

Huko Runyenjes nako kikapu hakikupona. Mwalimu alikwenda na kitabu likizo ya Desemba, akawasomea wapwa zake, na mama yake aliyekuwa akichambua maharagwe kando akaingilia. Kwao waliivisha shimoni, majani chini na juu, na moshi kidogo ukipulizwa ndani. Nani kawaambia habari za kikapu? Mabishano yalichukua jioni nzima. Kitabu kilibaki mkekani, kimefunguka, wapwa wakisikiliza mambo ambayo mwalimu mwenyewe, kwa miaka yote aliyokua katika nyumba hiyo, hakuwahi kuambiwa.

Kuna vitabu vya picha vinavyotegemea mtoto aone asichokiona mhusika. *Handa's Surprise* cha Mwingereza Eileen Browne, kilichotoka mwaka 1994 na kusimuliwa kama kisa cha kijiji cha Wajaluo, ni mfano unaojulikana sana. Handa amejitwika kikapu cha matunda, maneno yanataja matunda tu, na ni picha zinazoonyesha tumbili, mbuni na wengine wakimpokonya moja baada ya jingine. Mtoto anapiga kelele, Handa hasikii. Cha Nafula hakikuundwa hivyo. Siri ilikusudiwa iwe siri kwa wote wawili. Migomba ya Meru ndiyo iliyokigeuza. Na labda ndiyo sababu watoto hawa wanakidai tena na tena, ingawa mwalimu ana maelezo mafupi zaidi: wanapenda wizi.

Kwa sababu msichana anaiba, na zaidi ya mara moja. Ndizi ya kwanza anaificha ndani ya gauni. Hadithi inaishia jioni ameitwa mbele ya wazazi wake na shosho, kisha kitandani akijiapia kwamba hataiba tena. Mzazi mmoja alilalamika kuwa kitabu kinafundisha wizi. Mwingine alilalamika kinyume chake, kwamba hakikuonyesha fimbo. Mwalimu hajui ampe yupi haki. Fimbo kitabuni hataki kuiona, ila anakubali kwamba darasa linanyamaza mno kwenye ukurasa huo wa jioni, na ukimya wa watoto wa miaka mitano si wote unaosomeka.

Kuna jingine linalomkosesha usingizi. Ikiwa nyumbani picha ndiyo inayozungumza na shosho ndiye anayejibu, herufi zinaingia lini? Mwaka wa pili kutoka sasa watoto hawa watapimwa kwa maneno wanayosoma kwa dakika, wala hakuna atakayewauliza kuhusu majani makavu nusu. Amejaribu kufuatisha maandishi kwa kidole wakati watoto wakitazama kikapu. Macho hayashuki.

Nakala mpya imeshapatikana. Mfadhili mmoja wa kijijini, kijana mwenye saiba, alichapisha ya rangi bila malipo: njano ni njano, kijani ni kijani. Mwalimu aliileta kwa shangwe Jumatano moja mwandishi akiwepo. Watoto waliisogelea, wakaishika, wakasifu gauni la msichana. Msichana wa doa akaifungua ukurasa wa kikapu, akapitisha kidole pembeni, pale ambapo hapakuwa na kitu, akainua kichwa na kuuliza hii ni ya nani.

Mwalimu akainua mlango wa kabati, akaitoa ile ya zamani.